Mbwa Mkali na Mbwa Mwenye Hofu: Kuielewa Furaha ya Mbwa wa Nyumbani

Pita mitaa ya Kigoma kama Mwanga, Katubuka au Bangwe mchana, utakuta maandishi yaleyale kwenye mageti: "Mbwa mkali." Nyuma ya geti mara nyingi pana banda dogo la mbao ambalo mnyama hawezi hata kugeuka vizuri, na ndani yake mbwa anabwekea kila kinachopita: bodaboda, mama muuza dagaa, mtoto anayetoka shule, mbuzi wa jirani. Mwenye nyumba anaridhika kwamba ana mlinzi. Mimi nikimsikia mbwa huyo nasikia mnyama aliyechoka kukaa peke yake, na naamini wapo wengi Kigoma ambao wakielezwa vizuri watamfungulia.

Mazungumzo kuhusu mbwa yameongezeka mjini kwetu, na yamechanganyika. Kijana anaona kwenye simu mbwa wa Ulaya wakilala kwenye makochi, anaamua kwamba furaha ya mbwa ni anasa ya wenye pesa. Mzee anasema mbwa akila akashiba, yatosha. Gari la matangazo ya chanjo likipita, watu wanabishana kama mbwa anayeuma ana kichaa au ana tabia mbaya tu. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na vipande hivyo havijaunganishwa.

Tuanze na maneno yenyewe. Furaha ya mbwa ninayoizungumzia hapa ni hali ya mnyama ambaye hana njaa wala kiu, haumwi, haishi kwa hofu, na anapata nafasi ya kufanya yale ambayo mwili wake uliumbwa kuyafanya: kutembea, kunusa, kukimbia, kulala bila kushtuka, kuwa karibu na wenzake. Wataalamu huiita ustawi wa wanyama, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Wazo hili halikutoka kwenye makochi ya matajiri. Lilianza kuandikwa rasmi Uingereza mwaka 1965, katika ripoti iliyohusu ng'ombe, nguruwe na kuku wa mashambani. Kwa hiyo anayefuga mbuzi wawili Mwandiga anahusika nalo sawa na anayefuga mbwa.

Nguzo zake kwa mbwa ni tatu. Mazoezi ni mwendo wa mwili pamoja na kazi ya pua na akili. Ukaribu ni muda ambao mbwa anautumia na watu wake, hata kama hawamgusi. Ratiba ni mambo ya siku kutokea kwa mpangilio ambao mbwa ameuzoea. Hakuna hata moja linalohitaji kununua kitu dukani, isipokuwa kamba na mkanda wa shingo.

Mbwa ni mnyama wa kundi

Awe jamani shepadi aliyesafirishwa kutoka Dar es Salaam au koko aliyezaliwa chini ya mwembe Ujiji, kila mbwa ametokana na mbwamwitu wa kale, na mbwamwitu huishi kwa kundi. Binadamu alianza kuishi na mbwa miaka isiyopungua 15,000 iliyopita, kabla hajafuga ng'ombe, mbuzi wala kuku. Karibu na Bonn, Ujerumani, lilifukuliwa mwaka 1914 kaburi la watu wawili, mwanamume na mwanamke, waliozikwa pamoja na mbwa mchanga yapata miaka 14,000 iliyopita. Meno ya mbwa huyo yalionyesha aliwahi kuugua sana, na waliomchunguza waliona asingeweza kuishi wiki zote za ugonjwa huo bila kulishwa na kutunzwa. Watu wale walikuwa wawindaji. Hawakuwa na nyumba ya tofali wala akiba ya chakula, na bado walimuuguza mbwa ambaye wakati huo hakuwafaa kwa kazi yoyote.

Ukaribu huo umeingia mpaka kwenye damu. Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakiongozwa na Miho Nagasawa walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa upendo, oksitosini huongezeka mwilini mwa wote wawili. Hii ndiyo homoni inayomfunga mama na mtoto wake mchanga. Kwa mbwamwitu waliolelewa na watu, jambo hilo halikuonekana. Maana yake ni kwamba mbwa, katika maelfu hayo ya miaka, amejengeka kutuhitaji sisi. Ukimfungia banda la nyuma na kumpelekea sahani mara moja kwa siku, unamnyima kitu ambacho mwili wake unakitafuta kama unavyotafuta maji.

Kigoma tunaye shahidi mkubwa wa jambo hili. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, akawachunguza sokwe kwa miaka mingi, na alipofariki Oktoba 2025 dunia nzima ilimkumbuka kwa kuonyesha kwamba wanyama wana hisia, akili na haiba zao. Alipoulizwa nani alimfundisha hilo, hakutaja profesa. Alimtaja Rusty, mbwa aliyekuwa rafiki yake utotoni Uingereza. Alisema mtu aliyeishi na mbwa kwa karibu hawezi kuambiwa kwamba mnyama hana nafsi yake akakubali. Sisi tunaoishi saa chache za boti kutoka Gombe tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo.

Je, ukaribu unamharibu mlinzi?

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko kote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Imani iliyoenea ni kwamba mbwa akizoeana na watu hulegea, na akifungiwa mchana asione mtu, usiku akifunguliwa anakuwa mkali na mlinzi hodari.

Angalia mbwa anafanya nini anapolinda. Analinda eneo lake na kundi lake. Ili afanye hivyo lazima ajue mambo mawili: nani ni wa hapa, na jambo gani si la kawaida. Mbwa anayezurura uani mchana anajua mlio wa bajaji ya baba, hatua za dada wa kazi, sauti ya jirani anayekuja kuomba moto. Saa nane usiku mtu akipanda ukuta upande wa migomba, mbwa huyo anajua kwamba hilo halijawahi kutokea, na anabweka kwa namna ambayo mwenye nyumba anaitambua. Mbwa wa bandani hajui lolote kati ya hayo. Kwake kila sauti ni ngeni, kila sauti inatisha, kwa hiyo hubweka usiku kucha mpaka wenye nyumba wanajifunza kulala bila kumsikiliza. Mwizi anapofika, kubweka kwake hakumwambii mtu chochote.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Ukali wa mbwa wa namna hiyo ni hofu. Mnyama mwenye hofu hachagui. Akifunguliwa usiku, anaweza kumng'ata shangazi aliyetoka kwenda chooni, au mtoto wa nyumba hiyohiyo. Duniani kote watoto ndio wanaoongoza kwa kuumwa na mbwa, na mara nyingi mbwa mwenyewe wanamfahamu. Kwa hiyo banda lile halimlindi mtoto wako. Linamtengenezea hatari ndani ya ukuta wako mwenyewe.

Msingi wa yote haya hujengwa mapema sana. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi tangu kuzaliwa, ubongo wa mtoto wa mbwa uko wazi kupokea dunia: watu wa aina mbalimbali, watoto, wazee wenye fimbo, pikipiki, kuku, radi. Anachokutana nacho kwa usalama katika wiki hizo anakichukulia kuwa ni cha kawaida maisha yake yote. Asichokutana nacho, baadaye hukiogopa. Watu wengi humchukua mtoto wa mbwa akiwa na wiki 8 na kumfungia palepale ili "awe mkali", yaani wanaitumia miezi yake ya thamani kuliko yote kumfundisha hofu.

Kuhusu pilipili na bangi kwenye chakula, ambazo bado zinapendekezwa vijiweni kwamba humfanya mbwa kuwa mkali: pilipili huunguza mdomo na tumbo, basi. Bangi kwa mbwa ni sumu. Humfanya ayumbe, alegee, ashindwe hata kuzuia mkojo. Mtu anayempa mbwa vitu hivi anamtesa mlinzi wake mwenyewe, na nasema hivyo bila kusitasita.

Kipigo nacho kimeeleweka vibaya. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yake iwapo vimefuatana ndani ya sekunde chache. Ukirudi kazini saa kumi na moja ukakuta kandambili imetafunwa tangu asubuhi, ukamchapa, anachojifunza ni kwamba wewe ukirudi nyumbani unaumiza. Wengi hujibu, "Lakini anajua amekosa, mwangalie uso wake!" Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Marekani alilipima jambo hili. Aligundua kwamba ule uso wa hatia hutokea mbwa anapokaripiwa, awe amekosa au hakukosa. Anajibu sauti yako na mkao wako. Anaomba amani.

Jua la Kigoma na saa ya kutembea

Mbwa mzima mwenye afya anahitaji kutembezwa kati ya nusu saa na saa mbili kwa siku, kulingana na aina yake. Jamani shepadi na mbwa wengine wa kazi wanahitaji zaidi, mzee na mtoto wanahitaji kidogo. Kuwa na ua mkubwa hakutoshi. Mbwa akiachwa peke yake uani hafanyi mazoezi. Baada ya siku chache amekwisha kunusa kila kona, hulala tu, au huanza kuchimba na kutafuna.

Kunusa kwenyewe ni mazoezi, na hapa wengi hukosea kwa kumvuta mbwa kila anaposimama. Binadamu ana chembe za kunusia takriban milioni 5 hadi 6 puani. Mbwa ana zaidi ya milioni 200. Kwenye nguzo moja ya umeme njia ya Gungu anajua nani alipita, lini, dume au jike, mgonjwa au mzima. Mwache anuse. Dakika ishirini za mwendo wa polepole wenye kunusa humchosha mbwa kwa uzuri kuliko saa nzima ya kuburutwa.

Saa ya kutoka ina umuhimu wake pekee kwetu. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini Kigoma iko magharibi sana, kwa hiyo jua letu linachelewa kwa takriban dakika 40 kulinganisha na Dar es Salaam. Huchomoza karibu saa moja asubuhi, hufika utosini kama saa saba mchana, na huzama karibu saa moja jioni. Ushauri wa mitandaoni unaosema "mtembeze mbwa saa kumi jioni, jua limepoa" haufai hapa. Saa kumi kwetu bado kunawaka. Toka saa kumi na mbili na nusu alfajiri, au subiri saa kumi na mbili jioni.

Joto ni hatari kwa mbwa kuliko tunavyodhani kwa sababu hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema, ulimi nje. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39; likivuka 41 anaweza kufa. Kabla ya kutoka, weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia zitaungua. Akihema kupita kiasi, akayumba au kutapika, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpe anywe kidogokidogo, na umtafute daktari wa mifugo.

Ziwa ni zawadi, kwa tahadhari. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, na kweli wengi huogelea vizuri, ila Ziwa Tanganyika lina mamba sehemu nyingine, na maji tulivu yenye majani yana kichocho. Wafuate wavuvi wa eneo husika, wanajua wapi pa kuepuka. Kwenye mialo kama Kibirizi na Katonga, mshike kwa kamba wakati wote. Dagaa walioanikwa mchangani ni mtaji wa mtu, na mbwa mmoja anaweza kuharibu uhusiano wako na akina mama wote wa mwaloni kwa dakika mbili. Wanaokwenda na mbwa porini, upande wa Uvinza kwa mfano, wakumbuke kuna ndorobo. Mbwa akirudi akakonda na macho yakaingia ukungu, huenda ameambukizwa malale ya wanyama, na hiyo hutibiwa kwa daktari.

Ratiba

Abiria aliyeketi stesheni ya Kigoma akiambiwa treni itaondoka saa mbili usiku hulala juu ya mzigo wake kwa amani. Yuleyule akiambiwa "tutawatangazia" hasinzii, anainuka kila mlio unaposikika. Mbwa asiye na ratiba ni abiria wa pili, kila siku ya maisha yake. Hajui atakula lini, atafunguliwa lini, watu wake watarudi lini, kwa hiyo mwili wake haupumziki.

Si lazima ratiba iwe ya dakika kwa dakika. Matembezi kabla ya jua kali, chakula baada yake, usingizi mrefu mchana, dakika chache za kuchanwa manyoya na kutolewa kupe jioni, mlo wa pili, kisha zamu ya usiku. Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 katika saa 24, kwa hiyo usimhurumie akilala mchana kutwa. Mhurumie akishindwa kulala. Chakula chetu kinamfaa: ugali na dagaa au vichwa vya migebuka vilivyochemshwa na kutolewa miiba mikubwa. Epuka mabaki yenye kitunguu kingi, maana kitunguu huharibu damu yake, na mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka na kuchoma utumbo. Maji yawepo muda wote.

Ratiba ina faida nyingine ambayo watu hawaifikirii: inakufundisha wewe kumsoma. Wengi huamini mkia ukitikisika mbwa amefurahi. Mkia hutikisika kwa furaha, kwa wasiwasi, hata kabla ya kung'ata. Tazama mwili mzima. Mkia uliolegea na kiuno kinachocheza ni furaha. Mkia ulioinuka na kukakamaa, mwili ukiwa mgumu, ni onyo. Kujilamba midomo pasipo chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, hayo ni maneno ya mbwa anayesema "niache." Wafundishe watoto hilo mapema, na wasimsogelee mbwa anayekula au aliyelala.

Swali la dini

Nchi yetu ya Ujiji na Kigoma ina Waislamu wengi, na wapo wanaoona kumtunza mbwa vizuri kunagongana na imani. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo ni la usafi, na linaheshimika. Lakini mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa, na wanazuoni wengi wamemjumuisha humo mbwa wa kulinda nyumba. Hadithi inayojulikana sana inamsimulia mtu aliyeshuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Na katika Suratul Kahf mbwa ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini pamoja na vijana wale wa pangoni. Mbwa anaweza kuishi uani, akawa na sahani yake, akatembezwa kwa kamba, akazungumzishwa kwa upole, bila kuingia anaposwalia mtu. Mwenye shaka juu ya jambo mahsusi amwulize sheikh wake.

Kichaa cha mbwa ni kitu kingine

Mbwa hapati kichaa kwa kufungiwa, kwa jua wala kwa pilipili. Kichaa ni ugonjwa wa virusi vinavyopita kwenye mate, hasa kwa kung'atwa. Duniani unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na kwa Tanzania makadirio yamekuwa ya takriban watu 1,500. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Mbwa mkorofi kwa sababu ya upweke hana kichaa, ila naye akiwa hajachanjwa anaweza kuambukizwa kesho. Chanjo huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, na mtaa ukichanja mbwa asilimia 70 ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Mbwa mwenye ratiba hapa anakuokoa. Mabadiliko ya tabia ndiyo dalili ya mwanzo: mpole akawa mkali ghafla, mkali akawa mpole kupita kiasi, akashindwa kumeza, akadondosha mate, sauti ikabadilika. Unayemtembeza kila siku utayaona mabadiliko hayo siku ileile. Usimguse, mwite bwana mifugo wa kata. Aliyeumwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Na kwa yule ambaye mbwa wake amekaa bandani miaka mingi: usifungue mlango leo ukategemea muujiza. Mchanje kwanza. Kisha kaa karibu na banda jioni, kimya, ukimrushia vipande vya dagaa, mpaka aache kubweka ukifika. Halafu mzoeshe mkanda wa shingo akiwa ndani ya ua, geti limefungwa, watoto wakiwa ndani ya nyumba. Matembezi ya kwanza yawe ya alfajiri, njia isiyo na watu, dakika kumi tu, akiwa ameshikwa na mtu mzima mwenye nguvu, na kama ana historia ya kung'ata, avae kifunga mdomo kinachomruhusu kuhema. Wengine hutulia baada ya wiki chache, wengine huchukua miezi. Banda lenyewe usilibomoe, lipanue na uache mlango wazi. Wengi huendelea kulipenda kama mahali pa kulala mchana, sasa wakiingia kwa hiari yao.